Kinga Nusu Yaweza Kumfungulia Adui Mlango

(Yafuatayo ni maelezo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Nimeombwa niseme machache juu ya jinsi damu ya binadamu inavyopambana na virusi viletwavyo na mbu. Mimi si daktari. Kazi yangu ni uandishi wa habari, na yote nitakayoyasema nimeyapata kwa kusoma na kuwauliza wanaojua. Hata hivyo nimeukubali wito huu kwa moyo mmoja, kwa sababu nina deni.

Mwaka 2019, homa ya dengi ilipoenea Dar es Salaam, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kitandani, aliniuliza swali. Alisema: "Ndugu yangu, wewe umesoma. Mimi nimekwisha ugua dengi. Je, hainirudii tena?" Nilimjibu bila kusita kwamba damu yake sasa ina kinga, hivyo asiwe na wasiwasi. Alifurahi sana, akaenda kuwaeleza walimu wenzake. Baadaye niliposoma zaidi niligundua kwamba jibu langu lilikuwa kweli nusu. Na katika mambo ya afya, ndugu zangu, kweli nusu yaweza kuleta madhara kuliko kutokujua kabisa. Leo nataka kulilipa deni hilo hadharani.

Yafaa tuanze na jambo lililo wazi. Mtu akiugua ugonjwa wa virusi akapona, damu yake hubaki na kumbukumbu. Kumbukumbu hiyo huonekana katika vitu vidogo mno viitwavyo kingamwili. Wataalamu walijifunza kuisoma kumbukumbu hiyo zamani, na baadhi ya kazi hiyo ilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930 ilikuwapo hofu kubwa ya homa ya manjano. Mwaka 1936 kituo cha kuichunguza homa hiyo kilianzishwa Entebbe, Uganda. Njia iliyotumika siku hizo ilikuwa rahisi kuieleza. Majimaji ya damu ya mtu yalichanganywa na virusi vya homa ya manjano, kisha mchanganyiko huo ukatiwa katika mwili wa panya. Panya akifa, ilijulikana kwamba damu ile haikuwa na kinga. Panya akiishi, ilijulikana kwamba mtu yule aliwahi kuambukizwa, hata kama mwenyewe hakumbuki kuugua.

Kwa njia hiyo iliwezekana kuchora ramani ya ugonjwa kwa kuisoma damu ya watu walio wazima. Kazi hiyo ndiyo iliyosaidia pia kupatikana kwa chanjo. Mwaka 1927, huko Ghana, damu ya mgonjwa mmoja aliyeitwa Asibi ilitoa virusi vya homa ya manjano vilivyotunzwa na wataalamu. Asibi alipona. Virusi vile vikaendelea kukuzwa katika maabara hadi vikapoteza ukali wake, na mwaka 1937 Max Theiler, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi New York, pamoja na wenzake, walitangaza chanjo iitwayo 17D. Theiler alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Hadi leo chanjo hiyo ndiyo ngao yetu. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba dozi moja inatosha kumkinga mtu maisha yake yote.

Sasa tujiulize: kingamwili hufanya nini hasa? Watu wengi husema kwamba "huua" virusi. Neno hilo si sahihi sana. Ili tuelewe, hatuna budi kwanza kumtazama adui mwenyewe.

Kirusi cha dengi au cha homa ya manjano ni kidogo kiasi kwamba virusi 20,000 vikipangwa mstari mmoja, urefu wake ni kama milimita moja tu. Hakiwezi kula, wala kutembea, wala kuzaa peke yake. Kinachoweza ni kuingia katika seli ya mwili wetu na kuigeuza iwe kiwanda chake. Nje kimevikwa gamba la protini lenye vipande 180 vya namna moja, vilivyolala wawili wawili kama vigae juu ya paa. Vipande hivyo vina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kujishikiza kwenye seli. Seli nayo, bila kujua, humeza kirusi kile ndani ya kifuko kidogo. Ndani ya kifuko hicho mna hali ya uchachu, yaani asidi. Hapo ndipo inapofanyika kazi ya pili. Uchachu ule ni kama ishara: vipande vilivyokuwa vimelala huinuka, hujipanga upya watatu watatu, na kuuunganisha utando wa kirusi na ukuta wa kifuko. Njia hufunguka, mbegu ya kirusi ikamwagika ndani ya seli, na ugonjwa ukaanza.

Kingamwili nayo ina umbo la panda, kama ile ya manati. Mikono yake miwili ya juu ndiyo inayomshika adui, na mkia wake wa chini hushikwa na seli nyingine za ulinzi. Mikono ya kila kingamwili imechongwa kushika mahali fulani tu, na haishiki pengine. Kwa hiyo kingamwili inaweza kukizuia kirusi kwa njia mbili kubwa. Kwanza, inaweza kuziba sehemu ile ambayo kirusi hujishikiza nayo, kikabaki kinaelea katika damu bila pa kutua. Pili, inaweza kukiacha kirusi kimezwe, lakini ikawa imelifunga gamba lake lisiweze kubadilika. Mwavuli uliofungwa kwa kamba haufunguki hata mvua inyeshe namna gani. Hivyo ndivyo kirusi kilichofungwa gamba kinavyokwama ndani ya kifuko cha seli, hadi seli ikakisaga. Wataalamu huita hali hiyo kubatilisha kirusi. Kirusi kipo, lakini hakina nguvu tena, kama hati iliyogongwa muhuri wa kufutwa.

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo penye kiini cha maelezo yangu. Kuwa na kingamwili ni jambo moja, na kuwa na kingamwili zinazobatilisha ni jambo jingine. Tofauti hiyo hutegemea mambo mawili: mahali zinaposhika, na idadi yake.

Fahali hashikwi na mtu mmoja. Na hata wakiwa watu kumi, kama wote wamemshika mkia, bado atawaburura. Kirusi chenye vipande 180 vya gamba hakizuiwi na kingamwili moja. Utafiti juu ya kirusi cha Nile Magharibi, ambacho ni cha ukoo mmoja na dengi, na ambacho kiligunduliwa Uganda mwaka 1937, ulionyesha kwamba hata kingamwili kali yenye kushika mahali pazuri huhitajika kiasi cha 30 kwa kirusi kimoja ndipo kibatilike. Zikipungua hapo, kirusi kinaendelea na safari yake, kikiwa kimebeba kingamwili mgongoni.

Swali linalofuata ni hili: kirusi kilichobeba kingamwili chache mgongoni hufanya nini? Jibu la swali hilo lilipatikana kwa gharama kubwa ya maisha ya watu, na mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Cuba.

Homa ya dengi ina virusi vya aina nne. Vinafanana, lakini si sawa. Mwaka 1977 dengi ya aina ya kwanza iliingia Cuba. Ilienea sana, na uchunguzi wa damu ulionyesha baadaye kwamba zaidi ya watu 4 katika kila 10 waliambukizwa. Ugonjwa haukuwa mkali. Watu waliumwa viungo, wakapona, wakasahau. Miaka minne baadaye, mwaka 1981, ikaingia dengi ya aina ya pili. Safari hii mambo yalikuwa mengine kabisa. Katika miezi michache waliripotiwa wagonjwa 344,203. Waliolazwa hospitalini walizidi 116,000. Watu 158 walifariki dunia, na 101 kati yao walikuwa watoto. Wagonjwa walitokwa damu, wakaishiwa maji katika mishipa, wakazimia.

Madaktari wa Cuba hawakuishia kuomboleza. Walikaa chini wakahesabu. Waligundua kwamba karibu wote waliougua vibaya walikuwa wamewahi kuambukizwa dengi ya kwanza. Tena waliona jambo la ajabu zaidi: watoto wa umri wa mwaka mmoja na miwili, ambao hawakuwapo wakati wa homa ya 1977, karibu hawakupatwa kabisa na ugonjwa ule mkali. Yaani wale ambao damu yao haikuwa na kumbukumbu yoyote ya dengi ndio waliosalimika! Mwaka 1997, miaka 20 baada ya homa ya kwanza, dengi ya pili ilirudi katika mji wa Santiago de Cuba. Watu 12 walikufa, na wote walikuwa watu wazima, watu wa rika lililokuwapo mwaka 1977.

Kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, daktari Mmarekani Scott Halstead alikuwa ameona dalili kama hizo nchini Thailand. Watoto walioambukizwa mara ya pili ndio waliougua vibaya. Vivyo hivyo baadhi ya watoto wachanga wa akina mama waliowahi kuugua waliugua vibaya katika maambukizo yao ya kwanza, kwa kuwa kingamwili za mama zilikuwa zimebaki chache katika damu yao.

Maelezo yake ni haya. Kingamwili za dengi ya kwanza huitambua dengi ya pili, lakini haziishiki sawasawa. Nyingi hushika mahali pasipozuia kitu, au huwa chache mno. Kirusi hakibatiliki. Lakini kumbukeni ule mkia wa kingamwili. Zipo seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza kila kilichokamatwa na kingamwili ili zikisage. Kwa magonjwa mengi hiyo ni kazi njema. Kirusi cha dengi, hata hivyo, hupenda kuzaliana ndani ya seli hizo hizo. Sisi tuliomo maofisini twajua uzito wa barua ya utambulisho: mgeni asiyejulikana hukaa nje ya lango, bali mwenye barua yenye muhuri hupelekwa moja kwa moja hadi ndani. Kingamwili isiyobatilisha huwa ni barua ya utambulisho mkononi mwa mwizi. Mlinzi anaona muhuri anaoujua, anafungua mlango mwenyewe.

Mwaka 2017 utafiti wa miaka mingi juu ya watoto wa Nicaragua ulilithibitisha jambo hilo kwa hesabu. Watoto wenye kingamwili nyingi za dengi walikingwa. Wale wasio na kingamwili hawakuwa katika hatari kubwa ya ugonjwa mkali. Walio katika hatari kubwa walikuwa wale wa katikati, wenye kingamwili kiasi. Kinga nusu, kwa ugonjwa huu, ilikuwa mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Lazima niseme hapa, ili nisirudie kosa langu la kusema nusu, kwamba si kila anayeugua dengi mara ya pili huwa mahututi. Walio wengi hupona. Kinachoongezeka ni hatari, na hatari inapogawanywa kwa maelfu ya watu huwa misiba katika nyumba nyingi.

Ndugu walimu, jambo hili linawahusu ninyi kwa namna ya pekee, na nitaeleza sababu. Mwezi Aprili 2016 serikali ya Ufilipino ilianza kutoa chanjo mpya ya dengi mashuleni. Watoto zaidi ya 800,000 walichanjwa. Mwishoni mwa Novemba 2017 watengenezaji walitangaza kwamba kwa mtoto ambaye hakuwahi kuambukizwa dengi kabla ya chanjo, chanjo hiyo yaweza kuongeza hatari ya ugonjwa mkali pindi atakapoambukizwa. Yaani kwa mtoto huyo chanjo ilifanya kazi ya maambukizo ya kwanza: ilimpa kinga nusu. Kwa mtoto aliyekwisha kuambukizwa, chanjo ile ile ilimsaidia. Mpango ulisimamishwa mara moja, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba damu ipimwe kwanza kabla ya kuitoa chanjo hiyo.

Lakini hasara kubwa kuliko zote ilikuwa ya imani. Katika uchunguzi wa maoni wa mwaka 2015, Wafilipino 93 katika kila 100 walikubali kwa nguvu kwamba chanjo ni muhimu. Mwaka 2018 waliosema hivyo walikuwa 32. Wazazi waliogopa hata chanjo zisizo na kasoro hiyo, na mwaka 2019 surua ikaripuka nchini humo. Watoto wakafa kwa ugonjwa ambao chanjo yake ni ya miaka mingi na ni salama.

Hebu tuyapime mambo haya kwa haki. Wapo watakaosikia habari hizi wakasema: "Basi tusichanje." Hilo ni kosa. Kirusi cha homa ya manjano kina aina moja tu kwa upande wa kinga. Kingamwili zinazoletwa na chanjo yake hukishika mahali panapofaa, huwa nyingi, na hudumu. Ndiyo maana dozi moja inatosha. Dengi ni tofauti kwa sababu ina aina nne zinazofanana bila kulingana. Kosa la kuichanganya habari ya dengi na habari ya surua au homa ya manjano ndilo lililowagharimu Wafilipino. Na wa kuwatofautishia wananchi mambo hayo ni nani, kama si mwalimu na mtumishi wa umma?

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Mwaka 2010 ilitambuliwa Dar es Salaam dengi ya aina ya tatu. Mwaka 2014 ikatambuliwa ya aina ya pili. Mwaka 2019 ikatambuliwa ya aina ya kwanza. Aina tatu katika mji mmoja, katika muda wa miaka kumi! Maana yake ni kwamba wapo miongoni mwetu wakazi wa mji huo ambao damu yao imebeba kumbukumbu ya aina moja na inangoja kukutana na nyingine. Yule mwalimu niliyemjibu vibaya ni mmoja wao.

Kwa hiyo basi, nina mambo matatu ya kuwaomba.

La kwanza ni kusema ukweli mzima. Mtu aliyekwisha ugua dengi aambiwe kwamba amekingwa dhidi ya aina ile iliyompata, na kwamba kwa aina nyingine anapaswa kujihadhari zaidi kuliko hapo awali. Aambiwe pia dalili za hatari: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutokwa damu puani au kwenye fizi, na kulegea kusiko kwa kawaida. Dalili hizo mara nyingi huja homa inapoanza kushuka, wakati ambapo mgonjwa na jamaa zake hudhani kwamba amepona. Akiziona, aende hospitali bila kuchelewa. Tena asimeze aspirini, kwa maana dawa hiyo huongeza hatari ya kutokwa damu.

La pili ni kutunza kumbukumbu. Cuba iliweza kuujua ukweli wa 1981 kwa sababu iliandika na kutunza habari za 1977. Karani anayeandika kwenye daftari la zahanati "homa" bila kusema ni homa gani, na mkuu wake asiyemuuliza, wote wawili wanafuta kumbukumbu ambayo watoto wetu wataihitaji. Damu ina kumbukumbu yake. Ofisi nayo yapasa iwe na ya kwake.

La tatu ni maji. Mbu wa dengi huuma mchana, na hutaga mayai katika maji yaliyotuama karibu na nyumba zetu. Mwaka 1952 na 1953, huko Newala katika nyanda za juu za Makonde, ilizuka homa iliyowakunja watu viungo, na ulimwengu mzima leo unaijua kwa jina lake la Kimakonde: chikungunya. Maji yalikuwa ya shida huko, na wananchi waliyaweka akiba katika mitungi ndani ya nyumba. Mbu wakazaliana humo. Leo mitungi imekuwa mapipa, ndoo, matairi chakavu na makopo nyuma ya madarasa. Mtungi ukifunikwa vizuri, mbu hatagi. Kazi hiyo haingoji daktari wala fedha za kigeni. Cuba nayo, pamoja na madaktari wake hodari, iliikomesha homa ya 1981 kwa kuwaangamiza mbu na mazalio yao nyumba kwa nyumba.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza. Elimu yenyewe hufanana na kingamwili. Ikiwa nyingi na imeshika mahali panapostahili, hulinda. Ikiwa chache na imeshika mkiani, yaweza kumwingiza adui ndani ikidhani inamkamata. Mimi nilimpa yule mwalimu elimu ya namna hiyo ya pili, naye akaipeleka kwa wenzake kwa nia njema. Nikimwona tena nitamwambia hivi: Ndugu, ulipona kweli, na damu yako inakumbuka. Lakini inakumbuka adui mmoja kati ya wanne. Funika maji yako, jihadhari na mbu wa mchana, na homa ikikurudia usikae nyumbani ukitegemea jibu nililokupa.